Jina la Mtoto wa Lali

Nikisema "Fundo," nyinyi semeni "Tupe sisi." Msiseme "Tufungulie," kwa sababu hili mimi mwenyewe limenishinda na ndiyo maana nimelileta kwenu.

Fundo.

Tupe sisi.

Haya, lishikeni.

Palikuwa na boti moja pale Ras Mkungu, jina lake Zuhura. Haikuwa boti ya kuvua kitoweo. Ilikuwa ya kuvulia starehe. Mgeni anatoka kwao mbali, anapandishwa na mikate yake na soda zake, anapelekwa kilindini mpaka nchi kavu inapotea machoni, kisha anakalishwa kwenye kiti kilichokazwa sakafuni kwa nati na kupewa rodi, ule ufito wa kuvulia, apigane na samaki anayemzidi nguvu. Akimshinda, mara nyingi humwachia arudi zake majini. Mnacheka. Na mimi nilicheka nilipoelezwa mara ya kwanza. Lakini nyumba nyingi za Ras Mkungu zilipika kwa kazi hiyo, basi tusiicheke sana.

Zuhura ilikuwa na watu wanne, na kila mmoja alikuwa na kipaji ambacho wenzake hawakuwa nacho.

Nahodha aliitwa Bwanaheri. Huyu kipaji chake kilikuwa usukani, na hasa kurudi nyuma. Samaki mkubwa akinasa hukimbia na mshipi, na boti hulazimika kumfuata kinyumenyume ili mgeni aliye nyuma amtazame samaki wake. Manahodha wengine wakirudi nyuma hujaza maji botini na kumlowesha mgeni. Bwanaheri alirudi nyuma vile mimi na wewe tunavyotembea kwenda mbele.

Wa pili ni Shekue, na yeye kipaji chake macho. Alikaa juu ya paa la boti kutwa nzima. Pale wewe unapoona maji, yeye aliona kivuli cha samaki na kukwambia ni wa aina gani na ameelekea wapi. Mkewe alikuwa akilalamika kwamba macho hayo huachwa baharini, maana nyumbani hayaoni hata bawaba ya mlango iliyong'oka. Lakini hayo ni yao wawili.

Wa tatu, Mbwana, alikuwa mtu wa mafundo. Yeye ndiye aliyefunga ndoana, akaandaa mishipi, akaikagua kwa vidole akiwa amefumba macho. Boti nyingine huacha makusudi mahali dhaifu kwenye mshipi, ili mambo yakiharibika ukatike. Mbwana hakuacha mahali dhaifu. Alisema fundo linalokatika si fundo, na katika miaka yake yote hakuna samaki aliyewahi kumfungulia kazi yake.

Wa nne ni Lali. Huyu kipaji chake mikono, na lazima niwaeleze vizuri kwa sababu habari yote iko hapo. Mwisho wa mshipi, karibu na ndoana, kuna kipande kirefu na kinene ambacho wenyewe hukiita lida. Mgeni huvuta mpaka lida itokeze juu ya maji. Hapo kazi ya mgeni imekwisha. Mtu wa boti huvaa glavu, akainama ukingoni, akaishika lida kwa mikono, akaizungusha mara moja kiganjani na kumvuta samaki ubavuni mwa boti. Samaki akigoma, unafungua kiganja na lida inakwenda zake. Lali alijua wakati wa kushika na alijua wakati wa kufungua. Kwa kazi hiyo, wakati wa kufungua ndio wenye maana.

Na kuna desturi. Boti iliyopata samaki hurudi na bendera mlingotini. Ikiwa wamemleta, bendera hukaa sawa. Ikiwa wamemwachia, hupinduliwa. Nayo hupandishwa mara tu mkono unapoigusa lida, kwani hapo samaki huhesabiwa kuwa amepatikana, hata mshipi ukikatika baadaye. Watu wa pwani hutazama bendera kabla hawajatazama boti.

Lali alikuwa na mke, Esha, mwenye mimba ya kwanza. Jirani yao aliitwa Bi Nana. Mume wa Bi Nana alipotelea baharini zamani, na mwili haukuonekana. Mpaka leo mama yule si mke wala si mjane. Hakukaa eda, kwa sababu nani atamkalisha eda bila maiti? Akipika huweka sahani ya pili. Kadhi alimwambia anaweza kuomba afunguliwe aolewe tena, naye akajibu kwamba je, mwenyewe akirudi? Esha alikulia karibu na sahani ile, na tangu siku ya harusi hakumwomba Mungu mali. Alimwomba kwamba, liwe litakalokuwa, asije akafanywa Bi Nana.

Sasa sikilizeni. Juma lile bahari ilikuwa imefunguka. Boti moja ilirudi na jodari wa kubebwa na watu wawili. Nyingine iliachia sulisuli asubuhi na nyingine tena jioni, bendera zimepinduka mlingotini mpaka zikachekesha. Zuhura peke yake ilikuwa ikirudi mlingoti mtupu, na wanaume wanne hawa walianza kupita njia ya nyuma kwenda msikitini ili wasitaniwe.

Siku hiyo mgeni wao alikuwa daktari wa meno, mtu mzima mpole. Kutwa hawakupata kitu. Daktari mwenyewe akasema basi, turudini, samaki si haki ya mtu. Bwanaheri akageuza boti kuelekea nyumbani, na Lali akaanza kuvua glavu.

Ndipo Shekue akasema kutoka juu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kuna nduaro, yule samaki mwenye mdomo kama mkuki, nyuma ya chambo cha kulia, na ni mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona.

Wangekuwa wengine wasingemwona. Wangefika nyumbani na mlingoti wao mtupu, wakataniwa, wakala, wakalala.

Nduaro akanasa. Daktari akakaa kitini akapigana naye mpaka shati likamgandia mgongoni. Samaki aliruka, akazama, akakimbia kwenda mbali, na Bwanaheri akamfuata kinyumenyume bila kumpa nafasi. Daktari alipoishiwa nguvu, boti ndiyo iliyomfanyia kazi, kwa kurudi nyuma mbio mpaka mshipi ukaingia wote na lida ikatokeza. Lali akainama akaishika. Shekue akaichukua bendera akaanza kuipandisha, kama desturi.

Samaki alikuwa mzito kupita kiasi. Lali akazungusha lida kiganjani mara ya pili. Wakati huohuo Bwanaheri alikuwa bado anarudi nyuma. Boti ikamsogelea mno samaki, lida ikalegea, na mzunguko wa pili ukapanda juu ya ule wa kwanza ukaubana. Nduaro akageuka chini ya boti akazama. Lali alifungua kiganja. Daktari alikuwa karibu naye na aliapa kwamba alikiona kimefunguka, vidole vyote vitano vimenyooka. Kiganja kilifunguka na lida haikutoka. Lali akavuka ukingo bila kupiga kelele.

Shekue alikuwa hajamaliza kufunga kamba ya bendera.

Daktari alipiga ukelele kwamba mshipi ukatwe, akanyanyua mikono juu, rodi ikaachwa. Mbwana akairukia na kuikumbatia. Daktari akamshika bega akamwambia tena, kata. Mbwana akajibu neno moja ambalo Ras Mkungu nzima wanalijua mpaka leo.

"Nikikata nitakuwa nimempa samaki."

Fikirini wenyewe. Lali amefungwa kwenye lida, lida iko kwa samaki. Ukikata juu hujamfungua mtu, umewaachia wote wawili waende pamoja. Njia ilikuwa moja tu, kumrudisha samaki ili mtu arudi naye. Na mtu hana pumzi ya kungoja kazi kama hiyo. Walijua. Baada ya muda mfupi hakuna aliyekuwa akimvuta mtu hai, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua, lakini hakuna aliyelisema.

Mbwana alivuta. Mshipi ulikuwa ukitoka na kuingia, naye akiurudisha kidogokidogo, mpaka glavu zikachanika na ngozi ikafuata. Fundo lake lilibeba uzito wa nduaro na wa mwanamume, na halikuteleza. Lingeteleza, hadithi ingekwisha hapo, na Esha angekwenda kukaa na Bi Nana.

Shekue alilala kifudifudi juu ya paa, akitazama ndani ya maji meusi ambayo wengine hawakuona ndani yake kitu. Akaona fulana ya njano ya Lali, ndogo, chini kabisa. Akamwelekeza nahodha: kushoto, taratibu, simama. Kisha akaona kingine. Papa wawili walikuwa wakizunguka chini ya fulana ile, na mmoja alikuwa ameanza kupanda.

Bwanaheri akaiambia ile boti jambo ambalo boti haiambiwi. Alirudi nyuma kwa kuzunguka, akauweka ubavu wa Zuhura kati ya papa na mshipi, akazunguka nao kila walipozunguka, na mapanga ya mashine hayakuugusa mshipi wala hayakumgusa Lali. Kosa dogo tu la mkono wake lingemkata vipande yule waliyemfuata. Alifanya hivyo mpaka nduaro akafa kwa uchovu, akapanda juu ubavu ukiwa juu, na Lali akapanda pamoja naye, mkono umenyooka mbele.

Walimpandisha. Mbwana akamfungua mkono kwa kisu, akamkata samaki aende zake, na yule samaki mkubwa kuliko wote akazama bila mtu kumtazama. Daktari akavua koti lake akamfunika Lali. Wakarudi.

Na hapa ndipo pananiuma mimi. Walisahau bendera.

Watu walikuwa gatini. Waliiona Zuhura kwa mbali na bendera yake imekaa sawa, baada ya juma zima la mlingoti mtupu. Wanawake wakapiga vigelegele. Esha alitoka nyumbani na kanga moja begani, akasimama mbele ya wote, mkono mmoja tumboni, akapiga kigelegele kirefu kuliko wenzake, kwa sababu alijua kwamba mikono iliyoigusa lida ni ya mumewe. Alikuwa bado anapiga boti ilipofunga gati na watu wakaanza kutafuta samaki kwa macho. Hawakuona samaki. Waliona koti la mgeni na miguu miwili.

Lali alioshwa, akasaliwa, akazikwa kesho yake, mahali ambapo mtu anaweza kwenda akasimama.

Esha akaingia eda. Siku ya hitima, mbele ya mashahidi, alisema kutoka nyuma ya pazia kwamba ameweka nadhiri: mtoto akiwa wa kiume, atapewa jina la yule aliyemrudisha baba yake, na mtu huyo atakuwa somo wa mtoto wake. Nyinyi mnajua somo ni nini kwetu. Jina lako linakuwa lake. Nyumba ile inakuwa yako, unaingia bila hodi ndefu, furaha yao huitiwa wewe kwanza na msiba wao huitiwa wewe kwanza, mpaka mmoja wenu afe. Heshima hiyo haigawanyiki. Mtoto haitwi majina matatu.

Wale watatu waliitwa, wakakaa barazani mbele ya pazia. Pembeni yao alikaa Bi Zeituni, mama yake Lali, na tasbihi yake.

Mwanzoni kila mmoja alilitaka jina, na simlaumu hata mmoja. Mbwana alionyesha viganja vyake vilivyofungwa bandeji, akasema kwamba bila fundo lake na bila mikono hii hakuna kilichorudi. Shekue akajibu kwamba mikono ilikuwa ikivuta kipofu, kwamba ni macho yake yaliyoiona fulana na yaliyowaona papa. Bwanaheri, aliyekuwa mkubwa wao, alingoja wamalize, kisha akasema kwa upole kwamba fundo zuri na macho mazuri yangerudisha nusu ya mtu, kama si usukani. Maneno yakaanza kuwa makali. Marafiki wa chombo kimoja walikuwa wakigombania maiti ya mwenzao, na wenyewe hawakutambua.

Esha alisikiliza tu. Walipopumua, akauliza swali moja.

"Na ni nani kati yenu ambaye, lau asingekuwapo siku ile, mume wangu angekuwa hai?"

Tasbihi ya Bi Zeituni ilisimama.

Shekue ndiye aliyeanza. Alisema kwamba boti ilikuwa imeshageuka kurudi nyumbani, na kwamba Lali alikuwa anavua glavu. "Mimi ndiye niliyemwona yule samaki. Ningefumba macho tu." Kisha akaongeza kwamba bendera pia aliipandisha yeye.

Bwanaheri akasema kwamba alipaswa kusimamisha boti mara tu lida ilipotokeza. Alijua. Alikuwa amefanya hivyo mara zisizo na idadi, lakini siku ile alitaka samaki yule asipotee, na akaendelea kurudi nyuma. Lida haikulegezwa na nduaro. "Niliilegeza mimi, Esha."

Mbwana alikuwa wa mwisho, na alisema akiwa ameinama. Kama angeacha mahali dhaifu, kama waachavyo wenzake wote, mshipi ungekatika Lali alipovutwa. Angepanda juu akitema maji na kuwatukana. "Fundo lililomrudisha ndilo lililompeleka."

Baada ya hapo hakuna aliyelitaka jina. Kila mmoja alimsukumia mwenzake, na waliokuwa wakigombania sifa sasa waligombania kuikimbia. Shekue alisema apewe Bwanaheri kwa ukubwa wake. Bwanaheri akasema apewe Mbwana kwa majeraha yake. Mbwana akasema mtoto aitwe jina lolote la Mtume lisilo lao.

Bi Zeituni akasema nadhiri haitanguliwi kwa aibu za watu. Kisha akasema maneno yake mwenyewe, naye alikuwa mama aliyezika. Yeye aliona jina apewe aliyemwua mwanawe zaidi, ili kila siku mtoto yule akiitwa nje kucheza, akiitwa kula, akiitwa kuoga, mtu huyo asikie jina lake likitoka kwenye nyumba ile na akumbuke.

Esha alimjibu mkwewe kwa adabu, kutoka nyuma ya pazia. Alisema, "Mama, mimi nilitaka kumshukuru mtu. Sikutaka kumfunga."

Lakini hakusema ni nani.

Naona wewe pale umeinua mkono, unataka kuniambia mtoto aitwe Lali, amrithi baba yake. Ushushe. Watu walimshauri Esha hivyo na akakataa. Alisema, "Nikiita Lali, nitataka aitike baba yake." Na wewe unayenong'ona kwamba labda atazaliwa wa kike, huko nako njia imefungwa, kwa maana amezaliwa wa kiume, mzima, mwenye sauti, na vidole virefu ambavyo bibi yake alipoviona alitoka nje akakaa peke yake.

Leo ni siku ya saba. Mbuzi wa akika amechinjwa. Mjane mwenye mimba akishajifungua eda yake imekwisha, basi pazia limeondolewa, na Esha amekaa barazani na mtoto mapajani. Tangu gatini hakuwahi kuwaona watu hawa watatu uso kwa uso. Wamekaa mkeka mmoja mbele yake. Shekue, aliyekuwa haachi kutazama mbali, anatazama miguu yake. Bwanaheri amezeeka. Mbwana ameficha viganja ndani ya mikono ya kanzu. Bi Nana pia yuko, kaja na sahani ya halua, na yeye ndiye pekee anayemtazama Esha kwa wivu, kwa sababu Esha ana kaburi.

Mwalimu wa madrasa ameinama, sikio lake limekaribia midomo ya mama, anangoja jina alisome sikioni mwa mtoto. Esha anawatazama mmoja, kisha mwingine, kisha wa tatu. Amevuta pumzi ya kusema.

Mimi siko tena, nimekuachieni nyinyi. Anza wewe uliye karibu na mlango: anataja jina la nani? Na huyo utakayemchagua, akiinuka kwenda kumpokea somo wake, utamshika mkono wa pongezi au mkono wa pole?